Historia ya Mtu Aliye Hai

Jumanne, 1 Septemba 2009. Kitale.

Mwaka wa kumi na saba tangu tuteremke kutoka Mlima Elgon. Mimi huhesabu kila Septemba inapoingia, kisha naendelea na kazi.

Nimemwagilia sukuma wiki kwa maji yaliyosuuza vyombo. Mvua imetupa kisogo mwaka huu. Uji bila maziwa. Redio inasema mgao wa umeme utaendelea. Redio yenyewe inakula betri, haina wasiwasi.

Kazi ya leo: kuandika historia ya fundi wa baiskeli, isomwe atakapozikwa Jumamosi. Wanawe waliniletea jina lake na mwaka wa kuzaliwa, basi. Mengine nimeyachimba mwenyewe. Ukoo, rika la tohara, mto walimochota maji, aliyemfundisha kuziba pancha. Ndiyo shughuli yangu tangu nistaafu ualimu. Mtaa ukifiwa, watu hubisha mlangoni kwangu. Hunipa kiti cha mbele na paja la kuku. Sijawahi kuomba zaidi.

Saa nane Nafula akaingia na sanduku lake la bati. Mjukuu wangu; huniita kuka, yaani babu kwa Kibukusu. Tulimlea mimi na mke wangu Rosa tangu mama yake afariki. Baba yake, mwanangu, yuko barabarani na malori ya Lodwar. Nafula amemaliza chuo cha wauguzi. Amefaulu mtihani wa baraza. Amesajiliwa. Nilitaka kusema neno la maana, nikaishia kumshika mkono kama mgeni wa serikali. Akacheka.

Nina furaha hadi naona haya.

Alhamisi, 3 Septemba

Mama Njoki, jirani yetu, amerudi kutoka Suam na viazi vyake. Alinipa vichache vimefungwa kwa gazeti. Mimi husoma chochote kinachofunga chakula. Gazeti ni la juzi. Chini ya doa la matope: wauguzi wanatakiwa, kwa mkataba, katika vituo vya afya vya mlimani. Maombi yapelekwe kwa mkono Bungoma, mwisho Ijumaa tarehe 18. Wenyeji wa huko watafikiriwa kwanza.

Kimojawapo ni kile kituo cha juu ya Kapsokwony alikozaliwa Nafula. Nilisoma tena. Kisha nikampa.

Aliruka kama mtoto. Mimi sikuruka. Nilizaliwa huko, nikafundisha huko, nikapanda mparachichi huko. Niliondoka asubuhi moja na mke, mjukuu na cherehani. Nyumba ilikuwa bado inatoa moshi. Miaka ya karibuni watu wameuana tena huko. Sasa ni shwari, wanasema.

Anahitaji sivii, wasifu wa kuombea kazi. Hajawahi kuandika. Nikamwambia aniachie mimi. Nimeandika maisha ya watu wengi, sitashindwa na mmoja aliye hai.

Ijumaa, 4 Septemba

Siku nzima mezani. Kwa Kiingereza, bila shaka. Kiingereza ni cha afisi. Daftari hili ni langu.

Kurasa nne. Nimeanza na ukoo wa baba yake, kisha wa mama yake. Nimeeleza mvua iliyonyesha siku aliyozaliwa, jinsi Rosa alivyomfikisha mama yake kituoni chini ya gunia, jinsi mtoto alivyopata jina. Nafula, mtoto wa mvua. Nimetaja surua aliyougua darasa la pili na ujasiri wake. Nimetaja kwaya.

Ni kazi nzuri. Sidhani nimewahi kuandika vizuri zaidi.

Jumamosi, 5 Septemba

Mazishi ya fundi. Historia yake ilisomwa bila kukwama. Watu walicheka palipostahili kucheka.

Jioni nikampa Nafula kurasa zake. Nikakaa kando kungoja shukrani. Alisoma ukurasa wa kwanza akiwa ameinua nyusi. Wa pili akafunika mdomo. Wa tatu akakaa chini, sakafuni kabisa.

"Kuka! Hii ni ya matanga! Si bado niko hai, bana!"

Akasoma kwa sauti, akitafsiri. "Nafula alikuwa msichana mpole, aliyependwa na wakubwa kwa wadogo." Kila kitu nilikiandika kana kwamba kimekwisha. Mwishoni nilikuwa nimetaja wote aliowaacha: babu mmoja na baba mmoja. Mkono umezoea. Sikuona.

Mama Njoki alikuwa mlangoni na karai lake. "Mwalimu! Umezika mtoto na hata hajaajiriwa! Si ungengoja kwanza atununulie sukari?"

Walicheka mpaka mbwa akabweka. Niliudhika. Niliudhika sana, kwa muda mfupi. Kisha nikacheka mimi pia, nikajipangusa macho kwa ukurasa wa nne.

Jumapili, 6 Septemba

Ibada. Baadaye nikang'oa magugu kwenye kaburi la Rosa, nyuma ya nyumba. Nikamsimulia habari ya jana. Angecheka kuliko wote.

Alasiri Nafula akanifundisha. Mimi, mwalimu. Ukurasa mmoja. Jina, anwani, elimu, alikofanya mazoezi, lugha, watu watatu wa kumshuhudia. Mengine yote nje. Ukoo nje. Surua nje. Mvua nje.

Nilipigania mvua.

"Kuka, sikiza. Mgonjwa akiletwa wodi, hatuandiki babu yake alioa wapi. Tunaandika anaumwa wapi, ilianza lini, amepewa nini. Anayekuja zamu ya usiku asome amesimama."

Asome amesimama. Nimelifikiria hilo hadi wakati wa chai. Historia ya marehemu husomwa watu wakiwa wameketi, hawana haraka, naye mwenyewe hana haraka kabisa. Hii ni ya mtu anayepita mlangoni. Kuna ufundi ndani yake. Naukubali.

Tukaandika upya pamoja. Wodi ya wazazi, miezi mitatu. Wodi ya watoto. Chanjo vijijini. Sentensi fupi, kila moja imebeba mzigo wake. Katika lugha aliandika Kiswahili, Kiingereza, Kibukusu na Kisabaoti. Nilimuuliza kama hicho cha mwisho bado anacho. Akasema cha utotoni hakitoki. Kweli, Rosa alikuwa akimwimbia kwa lugha hiyo ya mlimani hapa hapa jikoni, Kitale, miaka yote.

Nilifurahi kuwa mwanafunzi.

Jumatatu, 7 Septemba

Tumegombana.

Mstari wa tatu: kwao ni wapi. Nilikuwa nimeandika Kitale. Nafula amefuta. Ameandika mlimani, na jina la kijiji. Sijaliona jina hilo kwenye karatasi tangu tuondoke. Mwezi uliopita mtu wa sensa aliniuliza nilikozaliwa. Nilimjibu "huku huku" nikampa kiti.

Nikamwambia aandike Kitale. Akasema wenyeji watafikiriwa kwanza. Nikamwambia wenyeji wenyewe ndio waliotuambia sisi si wenyeji. Akasema alizaliwa huko na cheti kinasema hivyo. Nikasema cheti hakikukimbia usiku na mchana na mtoto mgongoni.

Akanitazama. "Kuka, wewe unaandika kwao kwa kila maiti wa mtaa huu, mpaka na mto wake. Kwetu sisi ni wapi?"

Nilitoka nikapasua kuni. Kuni zilikuwa tele tayari.

Naogopa. Niliandike wazi, maana hakuna atakayesoma. Siogopi jina kwenye karatasi. Namwogopea yeye, kwamba watampeleka kweli.

Jumanne, 8 Septemba

Hatusemezani. Ugali umeungua. Tumeula.

Jumatano, 9 Septemba

Mama Njoki alikuja kuazima jembe akakuta nyumba imenuna. Hana subira na nyumba zilizonuna. Nafula akamweleza. Mimi nikajifanya nasoma.

Baba yake Mama Njoki alitoka Nyandarua akaja kulima huku. Mwaka jana, mwanzoni, kwa vurugu za uchaguzi, mama mwenyewe alilala kanisani majuma mawili na wanawe. Akarudi, akafagia majivu, akaendelea na viazi. Kwa hiyo nilimsikiliza.

"Mimi wakiniuliza kwetu, nasema Nyandarua kwa mababu, Kitale kwa viazi. Karatasi yenu ni ndogo aje mpaka mahali pawili pasitoshee?"

Nikaweka kitabu chini.

Mistari miwili. Alizaliwa: kijiji chetu, Mlima Elgon. Anaishi: Kitale. Yote mawili ni kweli. Hakuna aliyesema uongo. Nimefundisha watoto miaka thelathini wasome swali vizuri kabla ya kujibu, nami sikulisoma.

Nililiandika lile jina kwa mkono wangu. Herufi zilikaa sawa. Hakuna kilichotokea. Nafula aliniwekea chai yenye maziwa.

Alhamisi, 10 Septemba

Wa kumshuhudia: mkuu wa chuo, mchungaji wetu, na wa tatu. Nilisema mimi. Nafula akasema jamaa haruhusiwi. Mchungaji, aliyekuwa amepita kutusalimu, akashauri awe mtu wa mlimani anayewajua watu wa kwao. Kila mmoja akanitazama.

Ndiwa. Tulifundisha naye chumba kwa chumba. Yeye Msabaoti, mimi Mbukusu, chaki zetu zilitoka kwenye boksi moja. Asubuhi ile ya kuondoka ndiye aliyembeba Nafula hadi barabarani, na cherehani juu ya bega jingine. Sijazungumza naye tangu siku hiyo. Hatukugombana. Nilishindwa tu kuanza.

Mchungaji alipata namba yake kwa mhubiri wa huko. Nilipiga mwenyewe.

"Nani?"

"Barasa."

"Barasa gani?"

"Wa darasa la saba."

"Yule tunayesikia anaandika maiti?"

"Ndiye."

Kicheko chake hakijazeeka. "Uko hai, bana! Mimi nilijua ushajiandika mwenyewe!"

Nyuma yake nilisikia mbuzi. Nilipomweleza shida, akasema atamshuhudia Nafula kwa moyo wote, ila kwanza amwone. Hashuhudii mtu wa simu. Alhamisi ijayo atashuka Chwele sokoni kuuza vitunguu. Tukutane huko, tukienda Bungoma.

Nimelala mchana kama mtu aliyelima.

Jumamosi, 12 Septemba

Saiba, duka la kompyuta, karibu na soko. Nafula alichapa mwenyewe, mimi nikisoma herufi moja moja. Mstari wa mwisho, umeme ukaenda. Kila kitu kikapotea. Saiba nzima iliguna kwa sauti moja, kama kanisa.

Mwenye saiba anasema stima itarudi Jumatatu, labda. Ratiba ya mgao gazetini inasema mtaa wetu utapata Jumanne.

Jumanne, 15 Septemba

Umeme haukuja jana. Leo umekuja saa kumi, ukakaa muda wa kutosha. Nafula alihifadhi kila baada ya sentensi mbili. Mashine ilitema ukurasa. Mmoja. Bado wa moto. Nilitaka kuukunja, akanipiga kofi mkononi. Haukunjwi. Unavaa bahasha kubwa ya kahawia na kipande cha katoni mgongoni.

Jina lake juu, kwa herufi nzito. Sijaona jina la mtu wa nyumba hii limechapwa hivyo isipokuwa kwenye kadi za mazishi. Nimefurahi mno. Nimeonyesha Mama Njoki. Nimeonyesha muuza maziwa. Nafula ameuficha.

Alhamisi, 17 Septemba

Chwele. Soko limefurika licha ya kiangazi. Vitunguu, kabeji, mbuzi, vumbi. Mlima ulionekana wote, hauna wingu. Nilikuwa nimejiandaa kutoutazama. Niliutazama.

Ndiwa alikuwa ameketi juu ya gunia. Nywele nyeupe. Meno mawili yamekwenda. Aliinuka polepole.

"Umekauka kama hindi la mbegu," akasema.

"Nawe umeachiwa meno ya kutafunia uji."

Tukashikana. Sijui kwa muda gani. Mwanamke wa kabeji alitwambia tuhame, tunamzibia wateja.

Kisha akamgeukia Nafula. Akamzunguka kama anayenunua ng'ombe. Akamsalimu kwa Kisabaoti. Nafula akajibu. Ndiwa akashika tumbo akicheka: mtoto wetu anasema kama wa miaka mitano! Maneno yote ni sahihi, lakini ni ya mtoto anayeomba maziwa. Hakuna aliyemfundisha maneno ya watu wazima. Nafula naye akacheka, akaendelea vivyo hivyo, bila haya. Hapo Ndiwa akatoa barua yake ya ushuhuda mfukoni. Alikuwa ameshaiandika nyumbani, mzee mjanja. Alitaka tu tuje.

Chai na mandazi. Alileta maparachichi. Ya mti wangu. Anayelima pale sasa humwachia Ndiwa achume. Bado unazaa kila mwaka, tawi la upande wa mto ndilo lililokatika. Nililikumbuka tawi hilo.

"Rudi bana, hata kutembea," akasema.

Nikasema chai yake inapoa.

Bungoma saa tisa. Karani alichukua bahasha, akagonga muhuri, akaitupa juu ya rundo. Hakufungua. Rundo lilifika kiunoni mwake. Nilitoka na njaa na mashaka. Nafula akaninunulia soda.

Tumekula parachichi njiani kwa kijiko cha kuazima. Tamu ile ile.

Ijumaa, 25 Septemba

Hakuna habari. Nimeandika historia ya mama mmoja wa mtaa wa pili. Imetoka fupi kuliko kawaida. Mwanawe alishangaa, kisha akasema ndiyo, hivyo ndivyo alivyokuwa. Nafula ameniharibu, au amenitengeneza.

Jumanne, 29 Septemba

Ujumbe wa simu! Usaili Jumatatu, Bungoma. Nafula alipiga kelele, Mama Njoki akaja mbio na mwiko akidhani ni nyoka.

Jumamosi, 3 Oktoba

Mazoezi. Nimevaa koti. Nimekaa nyuma ya meza kama mwalimu mkuu na kumuuliza maswali magumu. Mama anavuja damu baada ya kujifungua, gari hakuna, utafanya nini? Anajibu kwa utulivu, mikono juu ya magoti, hatua baada ya hatua. Nusu ya majibu siyaelewi. Namwamini kabisa.

Swali moja hana jibu lake zuri: kwa nini unataka kwenda huko? Anasema "kuhudumia jamii". Nimemwambia kila mmoja atasema hivyo. Anasema atafikiri.

Jumatatu, 5 Oktoba

Nilikaa kwenye benchi nje ya ukumbi, Bungoma, pamoja na wazazi wengine. Wasichana na vijana wengi, viatu vimepigwa rangi, bahasha mapajani. Nafasi ni chache. Mzee mmoja wa Kimilili aliniambia wa kwake hataki mlimani, anataka mjini, amekuja kwa sababu ya yeye babake. Nikamwonea huruma mtoto wake, na yeye, na kila mtu.

Nafula aliingia. Dakika zilikuwa nzito. Nilisoma tangazo la chanjo ukutani hadi nikalijua kwa moyo.

Alitoka akitembea polepole, uso hausomeki. Tulifika langoni ndipo akasema.

Watu watatu mezani. Maswali ya kazi yalikwenda sawa. Kisha mama mmoja mzee, muuguzi wa siku nyingi, akavua miwani akamuuliza: wenzako wanakimbia mlima, wewe kwa nini? Nafula akaanza na jamii. Akajikatiza. Akasema, "Nilizaliwa katika kituo hicho. Mvua ilikuwa nyingi, nyanya yangu Rosa alimfunika mama kwa gunia mpaka mlangoni. Muuguzi aliyetupokea alikuwa peke yake, hakulala. Sijui jina lake. Nataka kuwa yule aliye mlangoni."

Mvua yangu. Ile aliyoitoa.

Yule mama akamwuliza kwa Kisabaoti kama hataogopa. Nafula akajibu kwa Kisabaoti chake cha miaka mitano. Wote watatu wakacheka, na yule mama akapangusa miwani.

Nilisimama kando ya barabara nikafungua kamba za viatu na kuzifunga tena. Nafula aliningoja.

Hatujui bado. Lakini ninajua nilichosikia.

Jumatano, 14 Oktoba

AMEPATA.

Kituo kile kile. Aanze kazi tarehe 2 Novemba.

Mama Njoki alipiga vigelegele hadi watoto wa shule wakajaa ua. Baba yake Nafula alipiga simu kutoka Lodwar, akalia, akasema ni vumbi. Jogoo amechinjwa, yule mkorofi. Nimempigia Ndiwa. Akasema chumba cha uani kitapakwa chokaa, mtoto atakaa kwake, na mke wake ameshaanza kupanga atakachomlisha. Kisha akasema ataanza kumfundisha maneno ya watu wazima, wagonjwa wasije wakampa peremende.

Nimecheka mchana kutwa. Taya zinauma.

Nilikwenda kwa Rosa nikamwambia. Nilimwambia kwa kifupi, kama kwa asomaye amesimama.

Alhamisi, 22 Oktoba

Vifaa vya Nafula: sare mbili, sweta nzito, tochi, mabuti. Cherehani ya Rosa imefupisha sare zote mbili. Mama Njoki ndiye aliyeshona, mimi nikizungusha gurudumu. Cherehani hiyo iliteremka juu ya bega la Ndiwa. Sasa imeshona nguo za kupandia mlima.

Hofu ingalipo. Ni ndogo, imekaa pembeni, inakunywa chai yake. Nimeizoea.

Jumamosi, 31 Oktoba

Nimemsindikiza hadi Chwele. Ndiwa alikuwa tayari na pikapu ya kupanda Kapsokwony, nyuma imejaa mbolea na godoro. Sanduku la bati likafungwa kwa kamba. Alikuwa ameacha nafasi mbili mbele. Aliniona nikiziona.

Nikarudi nyuma hatua moja. Alijua sipandi. Nami nilijua kwamba anajua.

Nafula alishuka tena akanikumbatia mbele ya soko zima. "Kuka, nitakuandikia."

"Ukurasa mmoja," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa huku akilia na kucheka. Pikapu ikapanda. Nilisimama mpaka vumbi likashuka. Kisha nikanunua vitunguu, maana nilikuwa sokoni.

Jumapili, 8 Novemba. Kitale.

Mvua tangu alfajiri. Sukuma wiki imeinua kichwa. Paa linavuja pale pale, sufuria ipo pale pale.

Barua ya Nafula ilikuja kwa mkono wa muuza vitunguu. Ukurasa mmoja. Anakula vizuri. Chumba kina chokaa. Juzi alimzalisha mama mmoja, mvua ikipiga bati, yeye peke yake zamuni. Mtoto wa kike, mzima. Wamemwita Cherop. Ndilo jina lile lile kwa lugha ya huko: mtoto wa mvua. Hawakujua jina la muuguzi walipochagua. Alipowaambia, nyanya wa mtoto alicheka akamtemea mate ya baraka kifuani.

Amepita nyumbani kwetu. Anayelima pale alimpa kiti. Mparachichi umechanua upya upande wa mto.

Nimeisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikaketi nikaisoma tena.

Baada ya chakula nimeandika yangu mwenyewe, Ndiwa asipate la kusema. Jina. Kazi. Mke. Watoto. Wa kunishuhudia: Nafula, Ndiwa, Mama Njoki. Alizaliwa: mlimani. Anaishi: Kitale. Imetosha ukurasa mmoja, na nafasi ikabaki chini.

Rosa yuko nyuma ya nyumba, mvua inamnyeshea. Mtoto wetu yuko kule mlangoni. Inanitosha.

Mimi sitarudi mlimani.